Namba Hujibu Ilichoulizwa

Figo ikishatolewa mwilini mwa marehemu na kulazwa kwenye barafu, saa huanza kuhesabiwa. Madaktari hupenda iwe imepandikizwa kabla siku haijaisha. Yaweza kuvumilia zaidi ya hapo, lakini kila saa inayopita inaila. Ini halina subira kiasi hicho, na moyo hupewa saa nne, zikizidi sana sita. Ndani ya muda huo, katika mji wowote wa Marekani, daktari wa upasuaji aliye zamu huamshwa na simu usiku wa manane. Anachokikuta kwenye kioo ni mistari michache: umri wa marehemu, urefu na uzito wake, kama alikuwa na kisukari au presha, kilichomuua, na kiwango cha kreatinini kwenye damu yake. Pembeni kuna namba moja iliyo kati ya 0 na 100. Tuseme ni 86. Daktari hajaiona figo yenyewe, hajaishika, na pengine iko mamia ya kilomita kutoka kitandani pake. Ana dakika chache za kusema ndiyo au hapana kwa niaba ya mgonjwa aliyelala nyumbani bila habari. Figo zilizopewa alama ya juu ya 85 huishia kutupwa kwa zaidi ya nusu yake.

Namba hiyo inaitwa KDPI, na imetumika katika ugawaji wa figo nchini humo tangu Desemba 2014. Chimbuko lake ni fomula iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti waliopitia rekodi za figo zilizopandikizwa kati ya 1995 na 2005. Alama ya 86 ina maana kwamba figo hii inatarajiwa kudumu muda mfupi kuliko asilimia 86 ya figo zilizotolewa mwaka uliotangulia. Inaonyesha nafasi yake kwenye msururu, na hapo inaishia. Haisemi lolote kuhusu miaka. Ukitaka miaka, figo za juu ya 85 hudumu kwa wastani zaidi ya miaka mitano na nusu, na kwa mtu anayekwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila safari, miaka mitano na nusu ni maisha mengine kabisa. Isitoshe, macho ya fomula yenyewe hayaoni mbali. Chukua wapokeaji wawili, mmoja figo yake ilikufa mapema na mwingine yake ikadumu, kisha iulize fomula ni yupi aliyepata figo dhaifu: itapatia mara 62 kati ya 100. Ukirusha shilingi hewani utapatia mara 50.

Nimeanza na KDPI kwa sababu ni fomula ya kawaida, inayotumika kila usiku, na kwa sababu habari za akili mnemba kutabiri hatima ya viungo vilivyopandikizwa kwa kawaida huanzia kwingine. Huanzia kwenye ubingwa wa mashine: imejifunza kutoka kwa wagonjwa wangapi, ina kasi gani, inampita daktari au haimpiti. Kujifunza kwa mashine, kwa maneno ya kawaida, ni kuipa kompyuta maelfu ya visa vilivyokwisha pamoja na matokeo yake, na kuiacha itafute yenyewe mchanganyiko wa dalili unaoelekea kwenye kila tokeo. Ni kazi kubwa na inastahili heshima. Lakini hoja yangu katika sura hii ni kwamba, katika upandikizaji, ubingwa huo ni jambo la pili. La kwanza ni swali. Kila utabiri hubeba swali lililotungwa na watu: tunatabiri nini, kwa muda gani, tukimlinganisha nani na nani, kwa rekodi za akina nani. Swali likiwa na kasoro, mashine hodari itaijibu kasoro hiyo kwa ufasaha mkubwa zaidi kuliko mashine dhaifu, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Ushahidi mzuri kuliko wote umo kwenye ini. Mwaka 2000 madaktari wa Mayo Clinic walichapisha fomula iliyokusudiwa jambo dogo sana: kukadiria ni wagonjwa gani wa ini watakufa ndani ya miezi mitatu baada ya kuwekewa kijibomba cha kupunguza shinikizo kwenye mshipa unaoingiza damu katika ini. Fomula iliegemea hasa vipimo vitatu vya damu: bilirubini, ambayo ndiyo inayogeuza macho kuwa ya manjano, kasi ya damu kuganda, na kreatinini, inayoonyesha hali ya figo. Wakati huo Marekani ilikuwa ikigawa maini kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, mtu amesubiri muda gani na kama amelazwa hospitali au yuko nyumbani. Mgonjwa aliyekuwa amejiandikisha mapema alikuwa na faida juu ya aliyekuwa anakufa. Februari 2002 fomula ile ya kijibomba, ikiwa imepewa jina la MELD, ikafanywa msingi wa orodha yote ya taifa. Alama zilianzia 6 hadi 40, na mwenye nyingi alitangulia. Vifo vya wanaosubiri vikashuka. Hapakuwa na kompyuta ya ajabu hapo. Kilichobadilika ni swali. Badala ya kuuliza nani kafika kwanza, mfumo ukaanza kuuliza nani yuko karibu zaidi na kifo.

Swali jipya likawa na tundu lake, na tundu hilo lilichukua miaka zaidi ya ishirini kuzibwa. Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli inapofanya kazi huitoa, figo huichuja, na daktari hupima kiasi kilichobaki kwenye damu ili ajue kama chujio ni zima. Sasa mchukue mwanamke na mwanamume ambao figo zao zimechoka sawasawa. Mwanamke, kwa kawaida, ana misuli michache, kwa hiyo anatengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo kipimo chake kinasomeka kizuri kuliko hali yake ilivyo. Fomula haikuandikwa neno lolote kuhusu jinsia, wala hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Hata hivyo kila siku mwanamke alipewa alama pungufu kidogo, akarudishwa nyuma kidogo, na takwimu za nchi nzima zikaonyesha kwamba wanawake walipata maini kwa uchache kuliko wanaume na walikufa zaidi wakisubiri. Toleo la tatu la MELD, lililoanza kutumika Julai 2023, linaongeza kipimo cha albumini na kumpa kila mwanamke alama 1.33.

Ningependa msomaji akae kidogo na takwimu moja ya toleo hilo. Waliolitengeneza walipima uwezo wake wa kutofautisha anayekufa na anayepona katika miezi mitatu, kwa kipimo kilekile cha kulinganisha wawili wawili. Toleo lililotangulia lilikuwa na 0.862, jipya lilipata 0.869. Mtu anayehukumu modeli kwa usahihi wake wa jumla ataitazama tofauti hiyo na kusema hapa hakuna kilichofanyika. Lakini ndani ya nukta hizo saba za elfu kuna wanawake waliokuwa wakipitwa kwenye foleni kwa sababu ya wembamba wa mikono yao. Usahihi wa jumla unaweza kubaki palepale huku dhuluma ikiondolewa, na unaweza pia kupanda huku dhuluma ikiongezeka. Ndiyo maana siridhiki ninaposoma kwamba modeli fulani mpya imeishinda ya zamani kwa asilimia mbili au tatu. Nataka kujua imewashinda akina nani.

Uingereza ilienda njia nyingine, na ilikwenda kwa nia njema kabisa. Tangu Machi 2018, ini la mtu aliyekufa ubongo linapopatikana, kompyuta ya taifa huchukua vipengele 7 vya mtoaji na 21 vya kila mgonjwa anayesubiri, kisha hukadiria mambo mawili: mgonjwa huyu ataishi muda gani akipata ini hili, na ataishi muda gani asipolipata. Tofauti kati ya mawili hayo ndiyo faida, na mwenye faida kubwa ndiye anayepewa kwanza. Kimantiki inapendeza kuliko MELD, maana inatazama uhitaji na matunda kwa pamoja. Tatizo limejificha kwenye maneno mawili, “muda gani”. Hesabu inakomea miaka mitano. Mgonjwa wa miaka 30 ambaye ini jipya lingempa miongo minne, na mgonjwa wa miaka 65 ambaye lingempa kumi, wote wawili mbele ya kompyuta hawawezi kupata zaidi ya miaka mitano. Kwa kuwa walio wengi hufikisha miaka hiyo mitano baada ya upasuaji, upande wa matunda karibu wote wanalingana. Kinachoamua ni upande wa uhitaji, na huko kijana hukadiriwa kuwa atastahimili muda mrefu zaidi bila ini. Basi anasubiri. Baadaye uchambuzi ulionyesha jinsi umri ulivyobeba uzito katika hesabu hiyo na jinsi vijana walivyosukumwa nyuma. Hakuna kosa la hisabati hapo. Mashine ilijibu sawasawa kile ilichoulizwa.

Kesi ya rangi ya ngozi ni nzito zaidi, na inamhusu kila Mwafrika hata kama hajawahi kukanyaga Marekani. Ili mtu aanze kuhesabiwa muda wa kusubiri figo kule kabla hajafikia hatua ya kusafishwa damu, uwezo wake wa kuchuja sharti uwe umeshuka hadi 20 au chini yake. Uwezo huo haupimwi moja kwa moja. Hukadiriwa kutokana na kreatinini. Kwa miaka mingi fomula iliyotumika sana ilikuwa na kipengele cha ziada: mgonjwa akiwa mweusi, jibu lizidishwe kwa 1.159. Piga hesabu. Mzungu aliyepata 18 anaingia kwenye foleni leo. Mweusi mwenye damu ileile kwenye chupa ileile anazidishiwa, anapata karibu 21, na anaambiwa figo zake bado nzima kiasi, arudi baadaye. Baadaye hiyo ilikuwa miezi, kwa wengine miaka. Mwaka 2022 mamlaka ya upandikizaji ya Marekani ilipiga marufuku kizidishio hicho, na kuanzia Januari 2023 hospitali zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopoteza. Kufikia Machi 2024 waliorekebishiwa walikuwa zaidi ya 14,000, kwa wastani wa miaka miwili kila mmoja. Miaka miwili, mara watu elfu kumi na nne.

KDPI nayo ilikuwa na mstari wake: mtoaji akiwa mweusi, figo ishushwe daraja. Waliotetea mstari huo walikuwa na takwimu. Figo za watoaji weusi wa Marekani, kwa jumla, zilidumu muda mfupi kidogo. Kisha mwaka 2010 sayansi ikaonyesha sehemu kubwa ya chanzo. Kuna aina mbili za jeni iitwayo APOL1 ambazo humkinga mtu dhidi ya vimelea vya malale, na kwa malipo ya kinga hiyo humwongezea hatari ya ugonjwa wa figo akizirithi kwa wazazi wote wawili. Aina hizo zimeenea Afrika Magharibi, kwa mfano miongoni mwa Wayoruba. Watafiti walipozitafuta Ethiopia hawakuzikuta. Neno “mweusi” kwenye fomula lilimweka Myoruba na Mhabeshi kwenye kapu moja, likamwekea pia alama mbaya mtu mweusi asiye na aina hizo, na likamwacha mwenye nazo asijulikane. Mashine iliona uhusiano, na uhusiano ulikuwepo. Ila ulishikiliwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye rekodi. Oktoba 2024 mstari huo wa rangi uliondolewa, na pamoja nao ukaondolewa mstari wa homa ya ini aina ya C. Huu wa pili unafundisha jambo lake. Fomula ilijifunza kutoka miaka ya 1995 hadi 2005, wakati virusi hivyo vilikuwa mzigo wa kudumu. Dawa za kuviponya kwa wiki chache zilianza kupatikana mwishoni mwa 2013. Kwa takriban miaka kumi figo ziliendelea kushushwa alama kwa ugonjwa ambao tayari ulikuwa unatibika, kwa sababu rekodi hazijui kilichotokea baada yake.

Hapa msomaji makini atanipinga, na ana haki. Atasema: haya yote ni makosa ya fomula, lakini kabla ya fomula kulikuwa na nini? Kulikuwa na daktari na dhamiri yake, na pamoja na dhamiri, upendeleo wake, uchovu wake, na mgonjwa mwenye sauti kubwa au jamaa mwenye cheo. Nakubali. Sitaki kurudi huko, na MELD ya 2002 ni ushahidi tosha kwamba hesabu iliyoandikwa iliokoa watu ambao busara ya watu iliwaacha. Lakini tazama kilichotuwezesha kuiona dhuluma dhidi ya wanawake na ile dhidi ya weusi. Fomula zilikuwa wazi. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuchukua 18, kuzidisha kwa 1.159, na kuuliza kwa nini. Upendeleo wa daktari huyeyuka naye. Upendeleo wa fomula iliyochapishwa unabaki kwenye karatasi ukingoja mtu wa kuunyooshea kidole. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za kuandika hesabu, na ndiyo tunayoweza kuipoteza tukihamia kwenye modeli za kompyuta zenye mamilioni ya vigezo ambazo hata waliozitengeneza hawawezi kueleza zilifikaje zilikofika.

Je, tungepata nini kwa kuipoteza? Katika figo, jibu la kweli mpaka sasa ni kwamba tungepata kidogo. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti wa Paris kilitangaza modeli iitwayo iBox. Walikusanya wapokeaji figo 7,557 kutoka vituo 10 vya Ulaya na Marekani, wakapata mambo manane yanayobeba utabiri wa kama figo itakufa: muda tangu upandikizaji, uwezo wa kuchuja, protini kwenye mkojo, kingamwili zinazomlenga mtoaji, na makovu na uvimbe wa aina nne unaoonekana kwenye kijipande cha figo kilichochukuliwa kwa sindano. Kwa kipimo chetu cha wawili wawili, inapatia mara 81 kati ya 100. Imeundwa kwa takwimu za kawaida, za aina inayofundishwa vyuoni. Mwaka 2023 kikundi hichohicho kikaishindanisha njia hiyo na mbinu kadhaa za kujifunza kwa mashine, kwa data ileile. Mashine hazikuishinda. Sababu si ya ajabu: mambo yaliyoandikwa kwenye faili ni machache na uhusiano wake na hatima ya figo ni wa moja kwa moja, kwa hiyo hakuna siri iliyojificha ambayo mashine ingeivumbua. Kinachofaa zaidi kuulizwa ni kwa nini iBox inapata 81 pale KDPI inapopata 62. Ni kwa sababu maswali ni mawili tofauti. KDPI inamtazama marehemu kabla figo haijaingia mwilini mwa mtu. iBox inamtazama mpokeaji anayeishi na figo hiyo, na imekwisha kuiona ikifanya kazi.

Kuna mahali mashine inastahili sifa, na sitaki kuinyima. Toronto, mapafu yaliyotiliwa shaka huwekwa ndani ya chombo angavu, yakaunganishwa na mashine ya kupumulia na mirija inayopitisha maji maalumu yenye joto la mwili. Yakiwa humo yanavimba na kunywea kwa saa kadhaa, nje ya kifua chochote, huku vifaa vikipima shinikizo, oksijeni, ulaini wa tishu na kemikali za uvimbe, na picha za eksirei zikipigwa. Huko data ni mto. Mwaka 2023 timu ya huko ilieleza modeli iliyojengwa kwa mapafu 725 yaliyopitia kwenye chombo hicho, na swali walilolichagua ni dogo na la wazi: je, mpokeaji ataweza kuondolewa mashine ya kupumulia ndani ya saa 72? Naipenda kazi hiyo kwa sababu zote mbili. Ishara ni nyingi kiasi kwamba macho ya mtu hayawezi kuzifuata zote kwa pamoja, na swali limefungwa kwenye tokeo ambalo kila mtu wodini atalishuhudia katika siku tatu.

Mpinzani wa pili ni mwenye matumaini. Atasema kasoro nilizozitaja ni za uchache wa data; tuongeze rekodi, tuongeze nguvu ya kompyuta, na mapengo yatajaa. Natamani ingekuwa hivyo. Katika upandikizaji kuna pengo lisilojazwa na wingi: figo iliyotupwa haitoi ushahidi. Modeli hujifunza kutokana na figo zilizopandikizwa, yaani zilizokwisha kupita mikononi mwa daktari aliyesema ndiyo. Zilizokataliwa hazina tokeo lolote la kuandikwa. Ukiwa na rekodi milioni za zilizokubaliwa, bado hujui chochote kuhusu hizo nyingine, na modeli itakayojifunza humo itarudia woga wa waliotangulia ikiupa sura ya sayansi. Njia moja ya kuchungulia ng’ambo ya pengo hilo ni kutazama nchi yenye madaktari wenye woga tofauti. Watafiti walilinganisha Ufaransa na Marekani kwa miaka ya 2004 hadi 2014. Marekani ilitupa asilimia 17.9 ya figo ilizozitoa, Ufaransa 9.1, ingawa Wafaransa walipandikiza figo za watu wazee zaidi. Katika karibu figo 28,000 zilizotupwa Marekani, asilimia 62 zingetumika kama maamuzi yangefuata desturi ya Ufaransa, na hesabu yao ilikadiria miaka 132,445 ya figo kufanya kazi iliyopotea. Hakuna mashine iliyofunzwa kwa data ya Marekani pekee ambayo ingeweza kuyasema hayo.

Mfano wenye nguvu zaidi uko barani kwetu, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, palepale Christiaan Barnard alipopandikiza moyo wa kwanza wa binadamu Desemba 1967. Mwaka 2008 daktari wa upasuaji Elmi Muller alikuwa na makundi mawili mbele yake. Kulikuwa na wagonjwa wenye VVU ambao figo zao zimekufa, na ambao katika hospitali za umma mara nyingi walikosa nafasi hata ya kusafishwa damu. Na kulikuwa na marehemu wenye VVU ambao figo zao zilikuwa nzima, zikizikwa nao. Akaamua kuwakutanisha. Lau angeiuliza modeli yoyote ya wakati ule, isingekuwa na la kusema, kwa kuwa hapakuwa na rekodi ya figo iliyotoka kwa mwenye virusi kwenda kwa mwenye virusi. Na kama ingelazimishwa kusema, ingesoma VVU kama hatari kila upande na kukataa mara mbili. Matokeo ya wagonjwa 27 wa mwanzo yalichapishwa mwaka 2015: asilimia 74 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na figo zilizodumu muda huo zilikuwa asilimia 84. Marekani ilikuwa imekwisha kubadili sheria yake mwaka 2013 kuruhusu jambo hilohilo. Leo visa hivyo vimo kwenye data, na mashine zinaweza kujifunza kwavyo. Vimo kwa sababu kuna mtu aliyetenda kabla takwimu hazijampa ruhusa.

Tukija Tanzania na Kenya, swali lenyewe linabadilika umbo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017 ikishirikiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Kote huko, kama ilivyo Kenya, figo hutoka kwa watu walio hai, hasa ndugu. Hakuna sanduku la barafu linalosafiri usiku wala orodha ya taifa ya kupanga nani atangulie. KDPI, MELD na hesabu ya Uingereza hujibu swali la kugawa viungo vya wafu, na kuzileta kwetu kama zilivyo ni kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Swali letu linamhusu mtu wa pili aliye chumbani: dada aliyekubali kumtolea kaka yake, mama aliyemtolea mwanawe. Huyu ameingia hospitali akiwa mzima. Ana haki ya kuambiwa, kabla ya kuweka sahihi, ni nini kinachoweza kumpata miaka kumi na mitano ijayo.

Kuna data juu ya hilo, na ni ya Marekani. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliwafuatilia watoaji figo 96,217 na kukuta kwamba ndani ya miaka 15 figo iliyobaki ilishindwa kabisa kwa watoaji 30.8 katika kila 10,000, ilhali kwa watu wenye afya kama yao wasiotoa walikuwa 3.9. Hatari imepanda karibu mara nane, na bado ni ndogo: chini ya theluthi moja ya asilimia. Sentensi zote mbili ni za kweli, na mtoaji anastahili kuzisikia zote mbili kwa pamoja. Mwaka 2016 watafiti wakatumia data ya watu karibu milioni 5 kutengeneza chombo cha kukadiria hatari ya mtu mmoja mmoja kabla hajatoa, kikizingatia umri, presha, uzito, sigara na mengineyo. Ni kazi bora. Lakini makadirio yake yamepimwa kwa wakazi wa Marekani, na kimewapanga watu kwa weupe na weusi. Mmakonde akaapo mbele ya daktari anayekifungua chombo hicho, atabofyewa “mweusi” na kupewa hatari iliyokokotolewa kutoka kwa watu ambao wengi wao asili yao ni Afrika Magharibi, waliko wengi wenye zile aina za APOL1. Huenda akatishwa kwa hatari isiyo yake, akamnyima ndugu yake figo bure. Na hatari zilizo zake hasa, kama kuishi mbali na kituo kinachopima kreatinini, au kuwa na presha ambayo hakuna anayeipima mpaka apooze, hazimo kabisa kwenye fomula.

Atakayesema kwamba tusubiri teknolojia ishuke bei ndipo tutengeneze zetu ameanzia mwisho. Kinachotengeneza modeli ni rekodi, na rekodi ya mtoaji aliye hai haihitaji akili mnemba yoyote. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, Boston, Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha wanaofanana. Pacha aliyepokea aliishi miaka minane. Aliyetoa aliishi hadi 2010. Kwa kawaida dunia hujua kinachompata mpokeaji mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa mpokeaji hurudi kliniki; hunywa dawa za kutuliza kinga kila siku na hawezi kupotea. Mtoaji hupona kidonda, hushukuriwa, na hurudi shambani au dukani. Aliyetoa figo Dar es Salaam mwishoni mwa 2017 atatimiza miaka kumi na mitano mwishoni mwa 2032. Ili siku hiyo daktari wa Kitanzania aweze kumwambia dada wa mgonjwa mwingine hatari yake kwa namba zilizotoka kwa watu wa hapa, kila mtoaji anahitaji mambo matatu kwa mwaka: presha ipimwe, damu ya kreatinini ichukuliwe, mkojo utazamwe kama una protini. Vyote hufanyika asubuhi moja katika hospitali ya wilaya yenye maabara, na majibu hutosha kwenye mstari mmoja wa daftari, mradi kuna mtu aliyepewa kazi ya kumpigia simu asipokuja.